Alitunga wimbo wa nyumbani akafa bila keja, Wajapani wakaufanya wao

MWULIZE Mjapani wa makamo kama anaujua wimbo unaoitwa Hanyu no Yado, na kuna uwezekano mkubwa ataanza kuuimba papo hapo bila kutafuta maneno kwenye simu. Ni wimbo wa shule. Vizazi kadhaa vimefunzwa wimbo huo darasani. Umeimbwa na kwaya, ukaingia kwenye riwaya, ukaingia kwenye sinema, na mwishowe hata kwenye anime. Jina lake ukilifasiri kwa Kiswahili ni kama kusema nyumba ya udongo, ile ya mtu maskini asiye na mbele wala nyuma.

Ila muziki wake haukuzaliwa Japani. Ulitoka kwenye jukwaa la maigizo jijini London mwaka wa 1823, na kwa Kiingereza unaitwa Home, Sweet Home. Maneno ya kwanza yaliandikwa na Mmarekani mmoja, John Howard Payne. Huyu ni jamaa ambaye maisha yake karibu yote alihama kutoka chumba kimoja cha kukodi hadi kingine, akalala jela kwa sababu ya madeni, akakataliwa na mwanamke aliyempenda, kisha akafia Afrika, mbali kabisa na kwao.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Payne aliufunza ulimwengu kutamani nyumbani huku yeye mwenyewe hana pa kurudi. Hebu tumfuate taratibu, kwa sababu safari yake ndiyo inayoeleza jinsi wimbo wa thieta ya London ulivyogeuka kuwa wimbo wa Wajapani.

Dogo wa gazeti

Payne alizaliwa New York mnamo Juni 9, 1791, katika familia yenye watoto wengi. Babake, William, alikuwa mwalimu, na baadaye aliihamisha familia hadi Boston alikokuwa akiendesha shule. Upande wa mama walitoka East Hampton, kijiji kilichoko kwenye kisiwa cha Long Island. Leo hii kijijini humo kuna nyumba ya kale iliyofanywa makumbusho na kupewa jina la wimbo wa Payne.

Babake hakutaka kabisa kusikia habari za maigizo. Alitaka mwanawe afanye kazi ya heshima, na mzee akiamua ameamua. Kwa hivyo kijana alipelekwa New York kuwa karani katika ofisi ya wafanyabiashara. Mchana aliandika hesabu za watu. Usiku alihepa kwenda kutazama michezo ya kuigiza.

Mwishoni mwa 1805, akiwa na umri wa miaka 14 tu, alianzisha gazeti lake dogo la kuchambua maigizo, kwa jina Thespian Mirror. Aliliandika kimyakimya bila mabosi wake kujua. Watu wazima wa New York walilisoma wakidhani limeandikwa na mhakiki mzoefu. Walipogundua ni dogo wa miaka 14, walishangaa sana. Mwaka uliofuata mchezo wake wa kwanza ukaigizwa jukwaani.

Matajiri waliompenda wakaona kipaji kama hicho kisipotezwe. Wakamlipia karo asome chuo cha Union, kaskazini mwa jimbo la New York. Lakini mwaka wa 1807 mamake akafariki, na mambo ya babake kifedha yakaanza kwenda mrama. Payne akaacha masomo, akaamua kutafuta chapaa kwa njia aliyoijua.

Februari 1809, akiwa na miaka 17, alipanda jukwaani katika ukumbi wa Park jijini New York na mji mzima ukamzungumzia. Akawa celeb. Anatajwa kuwa Mmarekani wa kwanza kuigiza nafasi ya Hamlet katika tamthilia ya Shakespeare. Boston aliigiza pamoja na Elizabeth Poe, ambaye mwaka huohuo alijifungua mtoto aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, Edgar Allan Poe.

Umaarufu wa utotoni una shida moja: utoto huisha. Ndevu zilipoanza kuota, watu wakachoka. Yule kijana wa ajabu akawa mwigizaji kama waigizaji wengine, na waigizaji wengine walikuwa tele. Marafiki wakamchangia nauli, na Januari 1813 akapanda meli kuelekea Uingereza. Alidhani atakaa mwaka mmoja hivi. Alikaa karibu miaka 20.

Jela ya madeni

Wakati huo Marekani na Uingereza zilikuwa vitani. Payne aliposhuka Liverpool alitiwa ndani kwa muda kwa sababu tu alikuwa raia wa nchi adui. Ndivyo Ulaya ilivyomkaribisha.

Alipoachiliwa aliigiza katika ukumbi wa Drury Lane, London, na kwa muda mambo yalikuwa fiti. Kisha kazi za kuigiza zikapungua, akageukia kuandika na kutafsiri michezo kutoka Kifaransa. Alikuwa na kasi ya ajabu. Mchezo mpya ukifaulu Paris, baada ya siku chache Payne alikuwa na toleo la Kiingereza mkononi. Katika maisha yake aliandika au kugeuza michezo ipatayo 60.

Mchezo wake Brutus, ulioonyeshwa Desemba 1818, ulivuma mno kwa sababu mhusika mkuu aliigizwa na Edmund Kean, nyota mkubwa wa enzi hiyo. Ukumbi ulijaa usiku baada ya usiku. Waliovuna zaidi ni wenye ukumbi. Mwandishi alipata kiasi kidogo, na wadai wake walikuwa wakimsubiri mlangoni.

Mwaka wa 1820 akaona suluhisho ni kuwa bosi mwenyewe. Akakodi ukumbi wa Sadler's Wells aendeshe maonyesho yake. Biashara ikamwendea kombo, deni likapanda, na akatupwa katika gereza la Fleet, lililokuwa maarufu kwa kufungia watu walioshindwa kulipa madeni. Ajabu ni kwamba huko ndani hakulala tu. Alipata mchezo wa Kifaransa, akaugeuza kwa Kiingereza kwa jina Therese, ukaigizwa na kupokelewa vizuri, na pesa zake zikamsaidia kutoka. Kisha akahamia Paris.

Wimbo wa msichana wa kijijini

Akiwa Paris ndipo alipotayarisha Clari, mchezo wa nyimbo kuhusu msichana wa kijijini. Kisa chenyewe hata leo mtu wa mtaani anakielewa. Bwana mkubwa mwenye cheo cha duku anamhadaa binti maskini kwa ahadi ya ndoa, anampeleka kwenye jumba lake la kifahari, kisha ndoa haionekani. Binti ana nguo za hariri, ana vito, ana watumishi, lakini analilia kibanda cha wazazi wake. Ndani ya jumba hilo ndipo anapouimba Home, Sweet Home. Mwishowe anatoroka kurudi kwao akimwomba babake msamaha.

Mchezo ulifunguliwa Mei 8, 1823 katika ukumbi wa Covent Garden, London. Muziki ulitengenezwa na Henry Bishop, ambaye miaka miwili kabla alikuwa ameshatoa sauti inayofanana na hiyo katika kitabu cha nyimbo, akiiita ya Kisicilia. Mwimbaji alikuwa Maria Tree. Wimbo ukashika moto tangu usiku wa kwanza. Karatasi za muziki wake zikanunuliwa kama mahamri ya asubuhi, na waliozichapisha wakatajirika.

Payne je? Alikuwa ameshauza kazi yake kwa mkupuo. Siku hizo mwandishi wa mchezo alipokea pesa za kwanza na hadithi ikaishia hapo. Hakukuwa na mirabaha. Sheria ya Uingereza iliyowapa waandishi wa tamthilia haki ya kulipwa kila mchezo unapoigizwa ilikuja mwaka wa 1833, miaka kumi baada ya Clari. Mcheza kwao hutuzwa, lakini Payne alicheza ugenini, na tuzo ikaenda kwa wenyeji. Bishop alipewa cheo cha Sir mwaka wa 1842, ingawa naye alikufa maskini mnamo 1855.

Kuhusu mapenzi, hali ilikuwa hiyohiyo. Mwaka wa 1825 Payne alimpenda Mary Shelley, mjane aliyeandika Frankenstein. Mary alimheshimu, akamfurahia kama rafiki, lakini ndoa akakataa. Ilionekana kwamba aliyemvutia zaidi ni mwandishi Washington Irving, rafiki mkubwa wa Payne na mshirika wake katika kuandika michezo. Badala ya kununa, Payne alimpa Irving barua za mama huyo azisome. Irving hakuchukua hatua yoyote. Payne hakuoa hadi kufa kwake.

Alivyoona watu wakinyang'anywa kwao

Alirudi Marekani mwaka wa 1832 akiwa na miaka 41. Wimbo ulikuwa umetangulia. Kila mji aliofika watu waliujua. Maonyesho yaliandaliwa ya kumchangia pesa, akapigiwa makofi, akalishwa, akasifiwa. Pesa ziliisha haraka kama kawaida.

Akapanga kuanzisha jarida, na katika kutafuta habari na wateja akafika kusini, kwenye nchi ya Wacherokee. Hawa ni wenyeji wa Marekani waliokuwa wakishinikizwa na jimbo la Georgia na serikali kuu waondoke kwenye ardhi ya mababu zao. Payne alikaribishwa na kiongozi wao, Chifu John Ross, ambaye nyumba yake ya Georgia ilikuwa tayari imetwaliwa na kupewa mtu mwingine kwa bahati nasibu ya ardhi. Ross alikuwa akiishi kwenye nyumba ndogo ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la Tennessee.

Payne alikusudia kukaa siku chache. Alivutiwa na karatasi za Ross akabaki, akinakili historia, mila na simulizi za Wacherokee. Usiku mmoja wa Novemba 1835, askari wa Georgia walivuka mpaka bila kibali chochote, wakawakamata wote wawili na kuwapeleka Georgia. Payne alizuiliwa karibu wiki mbili. Inasimuliwa kwamba njiani mmoja wa askari hao alikuwa akiuimba Home, Sweet Home, bila kujua kwamba aliyeuandika ndiye mfungwa aliye kando yake.

Kisa cha askari huyo huenda kimetiwa chumvi, lakini kukamatwa kwenyewe si hadithi. Payne alipoachiliwa aliandika magazetini akiwaeleza Wamarekani yaliyokuwa yakifanyiwa Wacherokee. Hakufaulu kuzuia lolote. Mwaka wa 1838 jeshi liliwatoa watu hao kwa nguvu na kuwapeleka magharibi, na maelfu walifariki kwenye safari hiyo. Zile karatasi alizokusanya bado zipo, zimehifadhiwa katika maktaba ya Newberry mjini Chicago, na wasomi wa historia ya Wacherokee wanazitumia hadi leo.

Ukitaka kumjua Payne kama mtu, mimi ningekuambia uanzie hapa kuliko kwenye wimbo. Alikuwa hana nyumba, lakini alipoona watu wenye nyumba wakifukuzwa, hakunyamaza.

Balozi aliyefia Tunis

Mwaka wa 1842 marafiki zake serikalini walimfanyia mpango wa kazi. Rais John Tyler akamteua kuwa balozi mdogo wa Marekani mjini Tunis, Afrika Kaskazini. Kwa mara ya kwanza Payne alikuwa na mshahara wa kueleweka na jumba la serikali la kukaa. Mwaka wa 1845 rais mwingine alikuwa ameingia, na Payne akaitwa nyumbani. Alizunguka tena miaka kadhaa akibisha milango ya ofisi hadi akarudishwa kwenye kazi hiyo mwaka wa 1851.

Kabla ya safari hiyo ya mwisho, Desemba 1850, mwimbaji kutoka Uswidi, Jenny Lind, alifanya tamasha jijini Washington. Alikuwa nyota aliyefanya watu wapigane kununua tiketi. Inasimuliwa kwamba Payne alikuwa ukumbini, na Lind akamgeukia alipokaa akamwimbia Home, Sweet Home, watu wakalia na kushangilia.

Miezi kadhaa baadaye alirudi Tunis, na huko akafariki Aprili 1852 akiwa na umri wa miaka 60. Alizikwa kwenye makaburi madogo ya Waprotestanti mjini humo. Hakuacha mke, mtoto wala nyumba.

Alikaa kaburini humo zaidi ya miaka 30. Kisha tajiri mmoja wa Washington, William Corcoran, ambaye utotoni aliwahi kumwona Payne jukwaani, akagharamia kumrudisha. Mwaka wa 1883 mabaki yake yalifukuliwa, yakasafirishwa kwa meli hadi New York, na mnamo Juni 9, siku ambayo angetimiza miaka 92, yakazikwa katika makaburi ya Oak Hill, Washington. Rais Chester Arthur alihudhuria. Kwaya iliimba wimbo uleule.

Nyumba ya udongo

Wakati Payne akizikwa upya, upande wa pili wa dunia kulikuwa na mradi wa aina yake. Japani ilikuwa imefungua milango yake kwa mataifa ya Magharibi na serikali ilitaka shule za kisasa zenye somo la kuimba. Tatizo ni kwamba muziki wa Kijapani ulikuwa na mpangilio wake wa sauti, tofauti na ule wa Ulaya. Afisa kijana, Shuji Isawa, alikuwa ametumwa kusomea ualimu Marekani, na huko kuimba kwa mtindo wa Kizungu kulimshinda hadi akatafuta mwalimu wa kumsaidia. Mwalimu huyo alikuwa Luther Mason wa Boston, mji uleule alikolelewa Payne.

Mwaka wa 1880 Mason alifika Japani kwa mwaliko wa serikali. Yeye na Isawa walianza kutengeneza vitabu vya nyimbo za shule. Njia yao ilikuwa rahisi: chukua sauti ya wimbo wa kigeni, tupa maneno yake, weka maneno mapya ya Kijapani. Hawakutafsiri. Wimbo wa Kiskoti wa kuagana mwaka, Auld Lang Syne, kwa mfano, walimu hao waliugeuza kuwa wimbo wa wanafunzi wanaosoma kwa mwanga wa vimulimuli, na hadi leo unapigwa maduka yanapofunga.

Mason aliondoka 1882 lakini kazi iliendelea. Mwaka wa 1889 shule ya muziki ya Tokyo ilitoa kitabu cha nyimbo kwa shule za ngazi ya kati, na ndani yake kulikuwa na Hanyu no Yado. Maneno yaliandikwa na Tadashi Satomi.

Angalia alichokifanya Satomi. Payne alikuwa ameandika kilio cha mtu aliye mbali na kwao, anayetamani kurudi. Satomi akamtoa huyo msafiri kabisa. Wimbo wa Kijapani unaimbwa na mtu ambaye tayari yuko nyumbani. Nyumba yake ni ya udongo, haina fahari yoyote, lakini hamwonei wivu mwenye kasri. Ana maua na ndege majira ya kuchipua, ana mwezi na sauti za wadudu usiku wa vuli, na ana dirisha la kusomea vitabu. Jumba la duku limebaki kwa mbali tu, kama kitu cha kukataa. Msichana Clari hayupo. London haipo. Jina la Payne nalo halina kazi tena.

Hii ndiyo sababu kubwa ya wimbo huo kudumu Japani. Wanafunzi hawakuuimba kama kitu cha kuazima. Sauti yake ni rahisi, haipandi sana wala haishuki sana, hata mtu asiye na kipaji anaweza kuifuata. Na maneno yake yalizungumzia vitu ambavyo mshairi yeyote wa Kijapani angevizungumzia. Mtoto alikua akijua ni wimbo wa kwao.

Uthibitisho ulikuja wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Mnamo Januari 1943 serikali ya Japani ilitoa orodha ya nyimbo zipatazo 1,000 za Marekani na Uingereza zilizopigwa marufuku kwa kuwa ni za adui. Hanyu no Yado ilisazwa, pamoja na nyimbo nyingine chache za shule. Hoja ilikuwa kwamba zimekwisha kuwa sehemu ya maisha ya wananchi. Mwandishi wake alikuwa Mmarekani, mtunzi wa muziki Mwingereza, yaani adui kwa pande zote mbili, lakini hata wakaguzi wa vita walishindwa kuutoa midomoni mwa watu.

Wimbo mmoja, majeshi mawili

Vita vilipoisha, Japani ikiwa magofu, mwalimu na mwandishi Michio Takeyama aliandika riwaya ya vijana kuhusu kikosi cha Wajapani kilichopenda kuimba. Jina lake ni Kinubi cha Burma. Takeyama alikuwa hajawahi kukanyaga Burma, nchi ambayo leo inaitwa Myanmar. Mwanzoni alitaka kisa kitokee China. Lakini hadithi yake ilihitaji wimbo ambao maadui wote wawili wanaujua, na hakuupata wimbo kama huo kati ya Wajapani na Wachina. Kati ya Wajapani na Waingereza ulikuwepo. Kwa hivyo akaihamishia hadithi Burma, walikopigana na Waingereza. Wimbo ndio uliochagua nchi.

Katika kisa hicho, Wajapani wamezingirwa kijijini usiku. Ili maadui wasijue kwamba wameshtuka, wanaimba Hanyu no Yado huku wakijiandaa kupigana. Ghafla kutoka msituni wanasikia sauti za wanaume zikijibu kwa muziki uleule, ila kwa Kiingereza. Bunduki zinashushwa. Hapo ndipo Wajapani wanapojua kwamba vita vimekwisha siku kadhaa zilizopita. Kisa hicho kilifanywa filamu na mwongozaji Kon Ichikawa mwaka wa 1956, ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na Ichikawa akaitengeneza upya mwaka wa 1985.

Ni hadithi ya kubuni, lakini jambo linalofanana nalo lilishatokea Marekani. Usiku wa Desemba 30, 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, majeshi mawili yalilala karibu karibu huko Tennessee yakisubiri kupigana. Bendi za pande zote zikawa zikishindana kwa nyimbo. Moja ikaanza Home, Sweet Home, nyingine ikaidaka, na askari wa pande zote mbili wakaimba pamoja gizani. Asubuhi walianza kuuana.

Nasi pia Burma inatuhusu. Mwaka wa 1944 wanajeshi wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, Wakenya wakiwa miongoni mwao, walipambana na Wajapani katika bonde la Kabaw nchini humo. Kuna familia hapa ambazo babu yao alirudi kutoka huko akiwa na medali na kimya kingi. Naye alikuwa akiota kwao, kama yule aliyekuwa upande wa pili wa mto.

Mpaka kwenye anime

Kama wewe ni shabiki wa anime, pengine umeshausikia wimbo huu na hukujua. Filamu ya Studio Ghibli iliyotoka 1988, Kaburi la Vimulimuli, iliyoongozwa na Isao Takahata, inahusu ndugu wawili, Seita na dadake mdogo Setsuko, waliopoteza nyumba na mama katika mabomu ya mwaka wa 1945. Wanajaribu kuishi peke yao kwenye pango kando ya bwawa. Setsuko anakufa njaa.

Baada ya hapo, wenye jumba la kifahari ng'ambo ya bwawa wanarejea kutoka walikokimbilia vita. Wanafungua madirisha na kuweka santuri. Ni Home, Sweet Home, kwa Kiingereza, iliyoimbwa na Amelita Galli-Curci. Muziki unavuka maji, nasi tunaonyeshwa pale pangoni Setsuko alipokuwa akicheza, akishona, akimsubiri kaka. Takahata alijua watazamaji wake wanaujua muziki huo tangu shuleni kwa jina la nyumba ya udongo. Hakuhitaji kueleza. Jumba limepata watu wake tena, pango limebaki tupu.

Mwaka wa 2006 Idara ya Utamaduni ya Japani na shirikisho la wazazi na walimu walichagua nyimbo za Kijapani zinazofaa kurithishwa watoto. Hanyu no Yado iko kwenye orodha hiyo. Haiko peke yake kwa asili ya jukwaani, kwa maana hata wimbo wa Do-Re-Mi kutoka The Sound of Music umo. Lakini huu wa Payne ulikuwa umekaa Japani zaidi ya karne moja, na orodha yenyewe inauita wa Japani.

Kwa msanii wa leo anayerekodi kwenye keja yake mtaani, maisha ya Payne yana onyo la wazi: soma mkataba kabla ya kuuza kazi kwa mkupuo, maana sheria ambayo Payne aliikosa kwa miaka kumi wewe unayo. Lakini pesa si yote yaliyomo. Payne hakutaja kijiji, mto wala nchi yoyote katika wimbo wake. Alitaja nyumba tu, ya kawaida, ya mtu yeyote. Kwa sababu hiyo Satomi aliweza kuingia na udongo wake, Takeyama na askari wake, Takahata na mtoto wake wa pangoni. Kama angeandika kuhusu East Hampton, huenda ungebaki East Hampton.

Jiwe la kaburi lake liko Washington na watalii hulipita. Japani, watoto wengi wanaoimba nyumba ya udongo hawajawahi kusikia jina lake.